Mayai Tisini na Tisa ya Tajiri Wirot

Mkono wa Pikun ulivunjika asubuhi moja kabla kengele ya kazi haijalia, na watu wa kwanza kufika pale walikimbilia mayai.

Tusiwalaumu sana. Mayai yalikuwa mengi, yalikuwa yanabingirika uani kila upande, na yule mbwa wa kiwanda, ambaye hata lori likipita karibu na mkia wake hafumbui jicho, siku hiyo aliamka. Aliyemwendea Pikun pale alipokaa chini ya ngazi alikuwa Tuam peke yake. Tuam ni shoga yake wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika. Hata yeye alifika na yai kila mkono.

"Dada Pikun! Umeumia?"

"Mkono, Tuam. Nimeusikia ukilia kah!"

"Labda ni yai."

"Yai ninajua linavyolia. Huu ni mkono."

Tuam akautazama. Kifundo kilikuwa kimeshaanza kuvimba, nacho kimepinda upande usio wake. Akaweka mayai yake chini polepole, akavua aproni aufunge ule mkono.

"Usiangalie," alisema.

"Mayai mangapi yamepona?"

"Dada, una akili kweli wewe?"

"Niambie, Tuam. Yakipungua, Babu atasema mimi ndiye niliyeyala."

Kiwanda chenyewe kiko Mahachai, huko Thailand, si mbali na soko la samaki, na kinatengeneza vile vibonge vya samaki vinavyotiwa kwenye supu ya tambi. Pikun amekanda samaki pale tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuvaa buti, alikuwa na shughuli nyingine. Alimhudumia Babu wa Kiwanja, yule mwenye ardhi asiyeonekana, aliyekuwapo kabla ya kiwanda na atakayebaki kiwanda kikiisha, ambaye amejengewa kinyumba chekundu juu ya jukwaa la marumaru kwenye kona ya ua. Alimpelekea soda nyekundu yenye mrija wake, shada la maua, vijiti vya udi na maneno mawili matatu ya heshima. Kazi hiyo alipewa na Tajiri Wirot mwenyewe, kwa sababu Tajiri Wirot akinusa moshi wa udi hupiga chafya za kupasua anga. Mara ya mwisho alipojaribu kumhudumia Babu kwa mkono wake alipiga chafya moja iliyozima vijiti vyote na kumwangusha farasi wa udongo aliyewekewa Babu. Mama yake, Bibi Kimlang, alimfukuza jukwaani.

"Shuka," alimwambia. "Babu hajaomba mvua."

Na nadhiri ya mayai ilikuwa ya tajiri, wala haikuwa siri. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa anaisaka oda ya migahawa ya tambi yenye matawi mkoa mzima. Akasimama mbele ya kinyumba, leso puani, wafanyakazi wote wakimsikia, akaahidi kwamba akiipata oda ile atamletea Babu mayai ya kuchemsha tisini na tisa. Akaipata. Akasahau, kama wanavyosahau watu waliokwisha kupewa. Babu akavumilia. Kisha mota ya mashine ya kukandia ikaungua, gari la mizigo likarudi kinyumenyume likagonga lango, na Bibi Kimlang akaota ndoto. Alimwona mzee mwenye nguo nyeupe, sahani tupu mkononi, anaomba chumvi.

"Chumvi, Wirot!" alimwambia mwanawe asubuhi. "Mtu anaomba chumvi ya nini kama si ya mayai?"

Ndiyo maana jioni ile tajiri alimshika Pikun mlangoni, akamwambia kesho awahi mapema, achemshe mayai kwenye masufuria ya kiwandani na ayapange kwa Babu kabla watu hawajaanza kazi. Pikun akawahi. Ngazi za jukwaa zilikuwa zimetoka kuoshwa, na maji ya unga yaliyomwagika kutoka mlango wa jikoni yanateleza kuliko sabuni. Pembeni mwa ngazi hapakuwa na bomba la kushikia, kwa kuwa tajiri alisema lingeharibu sura ya mahali. Hayo ndiyo yaliyomfikisha Pikun chini.

Mayai yenyewe yalipona. Yaliokotwa, yakaoshwa, yakapangwa mbele ya kinyumba. Tajiri aliinamisha kichwa kwa mbali, upande usio na upepo. Bibi Kimlang ndiye aliyesema maneno: "Babu, deni la Wirot hilo hapo, limelipwa, usimdai tena." Udi ulipoisha, Bibi akaona Babu ameshiba, na mayai yakapikwa kwenye mchuzi mtamu wa soya, kiwanda kizima kikala mchana. Kila mtu aliyasifia. Pikun hakuonja, maana alikuwa hospitali akivutwa mfupa.

Huko hospitali kulitokea mabishano madogo. Daktari alikwenda kuchukua plasta, Tuam akamsogelea mgonjwa sikioni.

"Akiuliza, sema mashine ya kukandia imekuvuta."

"Mashine imezimwa tangu jana, Tuam."

"Sema basi ulibeba ndoo ya samaki. Dada, sikiliza, watu hawa wa fidia wanapenda mashine. Ukiwaambia habari za Babu watakucheka."

"Nimdanganye Babu? Mbele ya daktari?"

"Babu hayuko hapa."

"Unajuaje? Mkono mmoja umeshakwenda, nimebaki na mmoja, nawe unataka nimwambie Babu uongo." Daktari aliporudi, Pikun alimweleza yote, kuanzia nadhiri mpaka maji ya unga. Daktari aliandika bila kucheka, akamwambia asikande kitu kwa muda wa miezi miwili, na hata baada ya hapo aanze taratibu.

Miezi miwili! Pikun analipwa kwa siku, asiyekanda halipwi. Chumba kina kodi, na mama yake kule Surin hutegemea hela ya dawa kila mwezi. Lakini hakuingiwa na hofu siku ile, kwa sababu alijua, kama kila mtu kiwandani anavyojua, kwamba upo Mfuko wa Fidia. Ukiumia kazini, tajiri anatoa taarifa, mfuko unalipa matibabu na sehemu kubwa ya mshahara mpaka upone. Tajiri mwenyewe hatoi hata senti ya ziada, kwa sababu michango anailipa kila mwaka, na hulalamika kila mwaka. Kwa hiyo kesho yake Pikun alipanda ofisini kwa tajiri na moyo mweupe, cheti cha daktari kwapani.

Tajiri Wirot alimpokea vizuri mno. Mtu akikupokea vizuri mno ofisini kwake, angalia mlango uko wapi. Mezani palikuwa na kapu la matunda limefungwa kwa nailoni, kopo la maziwa ya unga na utepe wa pinki.

"Pikun, Pikun. Pole sana. Kula machungwa, yanajenga mfupa."

"Ahsante, tajiri. Nimeleta cheti ili utoe taarifa kwenye mfuko."

"Taarifa ya nini?"

"Ya kuumia kazini."

Tajiri akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Kazini? Pikun, kazi yako hapa ni nini?"

"Kukanda samaki."

"Ulikuwa unakanda samaki?"

"Nilikuwa nampelekea Babu mayai yako."

"Ahaa! Unaona? Hiyo ni ibada. Ibada ni ya mtu na moyo wake. Mimi siwezi kuiandikia serikali kwamba kiwanda changu kinakanda samaki na kupeleka mayai kwa babu asiyeonekana. Watanichukuliaje?"

Nitawaambia lililokuwa nyuma ya maneno hayo, maana yeye hakulisema. Langoni kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani unaohesabu siku ambazo kiwanda kimekaa bila ajali. Tajiri Wirot alibadilisha namba zile kila asubuhi kwa mkono wake, na alikuwa ameahidiwa ngao ya usalama kwenye karamu ya wenye viwanda wa mkoa. Suti alishashonesha. Ajali ya Pikun ingemrudisha kwenye sifuri, na sifuri haivaliwi suti.

"Tajiri," Pikun alisema, na sauti yake ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka, "wewe ndiye uliyeniita. Ulinishika mlangoni."

"Nilikukumbusha tu. Chukua kapu."

Alilichukua. Hilo ndilo lililomuuma zaidi usiku ule, kwamba alilichukua, na akaunganisha viganja kushukuru, kiganja kimoja na plasta moja. Alikaa chumbani akalitazama kopo la maziwa, hasira ikampanda. Miaka yote ile ya kuwahi mapema, soda na maua na vijiti, kumbe kwa tajiri alikuwa mtu anayejitembelea tu uani kwa starehe zake. Machungwa akampa mtoto wa jirani. Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya fidia kuandikisha madai yake, kwa kuwa sheria inamruhusu mfanyakazi kufanya hivyo bosi wake akijitia hamnazo.

Afisa aliyempokea aliitwa Thanet, kijana mwembamba, mpole, mwenye kuandika polepole. Alimwandikia tajiri barua, tajiri akajibu, na baada ya wiki moja Thanet akamsomea Pikun jibu lenyewe. Lilisema kwamba Bi Pikun alikuwa akifanya ibada yake binafsi, kwa hiari yake, kabla ya saa za kazi.

"Unaamini hivyo, mwanangu?" Pikun aliuliza.

"Shangazi, mimi siandiki ninachoamini. Naandika ninachoambiwa na kinachoonekana. Nitakuja kiwandani nione hiyo ngazi, na niwasikilize wote wawili pamoja. Una shahidi?"

Shahidi yupi? Wote waliona, wote walikula mayai, na wote waliogopa kumwaga unga. Tuam peke yake ndiye aliyesema atakuja, lakini Pikun alimjua Tuam. Akianza kutoa ushahidi, atatoa na wa mambo ambayo hakuulizwa.

Hata hivyo Tuam alikuwa ameshaanza kazi kwa njia yake. Kwa kuwa Pikun yuko nyumbani, Babu alikuwa hana wa kumhudumia, na tajiri akamwambia Tuam ashike zamu.

"Mimi?" Tuam alisema. "Tajiri, si umeiandikia serikali kuwa hiyo ni ibada ya mtu binafsi? Ibada yangu naifanyia nyumbani."

Akamwambia dereva, dereva akasema hivyohivyo. Akamwambia mlinzi, mlinzi akasema yeye ibada yake ni siku za mapumziko tu. Neno lilikuwa limezunguka kiwanda kizima na kila mtu alilipenda. Mwisho tajiri alikwenda mwenyewe, amefunga barakoa mbili, akaiweka soda kwenye ngazi ya chini na kuisukuma juu kwa mpini wa ufagio. Soda ikapinduka. Asubuhi ya pili ikapinduka tena. Sukari ikakauka kwenye marumaru, sisimizi wakaja, na nyuma ya sisimizi akaja kenge kutoka mtaroni, mnene, mwenye raha zake, akapanda jukwaani na kulala mbele ya mlango wa Babu akilamba.

Bibi Kimlang alimwona kutoka dirishani. Kenge kuingia kwa mtu ni nuksi ya kutosha. Kenge kumlalia Babu mlangoni, hata jina la nuksi hiyo Bibi hakulijua. Alinyamaza siku nzima, na Bibi yule akinyamaza ndipo watu huanza kutembea kwa vidole. Alichokuwa hajakijua bado ni kile mwanawe alichoandika kwenye barua, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ya Thanet kuja, viti vya plastiki vilipangwa uani, karibu na jukwaa. Pikun alikaa upande mmoja amevaa blauzi yake ya sikukuu, mkono mmoja wa blauzi umekatwa kupitisha plasta. Tajiri alikaa upande wa pili, shati limepigwa pasi. Bibi Kimlang alikuwa kwenye kigoda chake kivulini akimenya vitunguu saumu, na mlango wa jikoni ulikuwa umejaa vichwa vya wafanyakazi waliojifanya wanakunywa maji.

Thanet alipima ngazi, akagusa marumaru kwa kiatu, nusura ateleze, akaandika. Kisha akakaa.

"Tajiri, barua yako inasema Shangazi Pikun alikuwa kwenye ibada yake binafsi. Ningependa kuelewa kitu kimoja. Yale mayai yalikuwa ya nani?"

Tajiri hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alitazama kalamu ya afisa, akatazama lango na ule ubao wake wa kijani.

"Ya… ya kwake."

"Ya Pikun?"

"Ibada yake, mayai yake."

Kisu cha Bibi Kimlang kikasimama katikati ya kitunguu.

"Kwa hiyo siku ile," Thanet alisema akiandika, "wewe mwenyewe hukutoa mayai yoyote hapa."

"Sikutoa."

"Hata moja?"

"Hata moja," alisema tajiri, na alilisema kwa upande, kama mtu anayetema mbegu.

Pikun alikuwa amekuja na maneno yake. Alikuwa ameyapanga tangu jana, ya kuomba, ya kueleza, ya kumkumbusha tajiri mlango ule na jioni ile. Yote aliyasahau. Akasimama.

"Mwanangu afisa, nipe dakika moja. Kama mambo ndiyo hayo, kuna mtu sijamsalimu."

Akapanda ngazi moja, ya pili, Tuam amemshika kiwiko. Alipofika juu akaunganisha kiganja na plasta.

"Babu, ni mimi Pikun. Nisamehe nakusalimu kwa mkono na nusu. Miaka yote nilidhani nakuletea vitu vya tajiri. Leo nimeambiwa mbele ya serikali kuwa ni vyangu. Mayai yale tisini na tisa ni yangu. Haya. Lakini Babu, mimi sikuwa na nadhiri kwako, sikuomba kitu. Nimelipa kabla ya kununua."

Mlango wa jikoni ukacheka. Pikun hakugeuka.

"Basi naomba sasa. Naomba kazi niliyoifanya hapa iitwe kazi. Ni hilo tu."

"Omba na ile oda ya migahawa!" Tuam alipiga kelele.

"Tuam, nyamaza."

"Sinyamazi! Aliyeilipia si wewe? Tajiri hajatoa hata yai moja, kasema mwenyewe, imeandikwa! Iombe oda, dada, ni yako hiyo! Babu, umesikia? Mdai halali ni huyu hapa, mwenye plasta!"

Sufuria la vitunguu saumu lilianguka. Bibi Kimlang alikuwa amesimama.

"Wirot."

"Mama, hayo ni mambo ya barua tu, ya…"

"Hata moja?"

"Mama, ngao ile…"

"Mzee alinijia na sahani tupu. Nikasimama hapa, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia deni la Wirot limelipwa. Leo wewe unasema mbele ya mlango wake kuwa hukulipa. Kwa hiyo aliyedanganya ni mimi! Mimi nina miaka themanini na mbili, Wirot. Kati yako na yangu, nani anakaribia kwenda kuonana naye?"

Hakuna aliyecheka hapo. Nyuma ya jukwaa, kwenye mtaro, kitu kizito kikachapa maji kwa mkia. Tajiri Wirot macho yalimtoka pima.

"Futa!" alimwambia afisa. "Futa hiyo!"

"Siwezi kufuta, tajiri. Naweza kuongeza."

"Ongeza basi! Andika mayai ni yangu. Yote! Nadhiri ni yangu, oda ni yangu."

"Na aliyeyapeleka?"

"Pikun."

"Alitumwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa shughuli zake au za kiwanda?"

Tajiri akatazama lango tena. Namba za ubao wake zilikuwa zinang'aa, asubuhi alikuwa amezipangusa. Akasema kitu puani ambacho hata Thanet, aliyekaa karibu, hakukisikia.

"Sema kwa sauti," mama yake alimwambia. "Wa kuambiwa si afisa peke yake."

"Ilikuwa kazi!" tajiri alisema. "Nilimtuma mimi, kwa kazi ya kiwanda!" Na hata bila udi kuwaka, akapiga chafya.

Pikun alikaa kwenye ngazi ya juu, akalia. Hakuwa amelia mkono ulipovunjika, wala mfupa ulipovutwa, wala alipobebeshwa kapu. Alilia pale, kwa sauti, kama mtoto aliyepatikana sokoni, na Tuam akamfuta kwa aproni yenye magamba ya samaki. Thanet alisubiri mpaka wakamaliza, ndipo akampelekea tajiri kalamu.

Madai yalikubaliwa. Kuanzia wiki iliyofuata Pikun alipokea malipo yake, kodi ikalipwa, dawa za Surin zikanunuliwa. Ngao ilikwenda kwa mwenye kiwanda cha barafu. Ubao wa langoni ulirudi sifuri, na aliyeibandika sifuri ile alikuwa tajiri mwenyewe, maana ufunguo wa ubao alikuwa hampi mtu. Bomba la kushikia likawekwa kwenye ngazi, nalo likapakwa rangi nyekundu ili Babu asije akaona amechanganyiwa rangi.

Mambo yangeishia hapo, lakini Pikun alikuwa anapiga hesabu. Siku moja alimfuata Tuam wakati wa chakula cha mchana, uso umekunjamana.

"Tuam, nina deni."

"La nani tena?"

"La Babu. Niliomba nikidhani nimeshalipa. Sasa mayai yamerudi kuwa ya tajiri, na nilichoomba nimepewa."

Tuam aliacha kutafuna. Alifikiri, akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo watu walilikumbuka kwa muda. "Mama yangu," alisema. "Tisini na tisa?"

"Nimpunje kwa nini?"

Akayanunua kwa hela yake, akayachemsha chumbani kwake sufuria kwa sufuria, akayaleta kiwandani kwa bajaji. Plasta ilikuwa haijatoka bado. Bibi Kimlang alimwona akilizunguka sinia uani akitafuta namna ya kulibeba kwa mkono mmoja.

"Acha hilo," alisema Bibi. "Wirot! Shuka huku."

Tajiri akashuka, akaambiwa, akavaa barakoa mbili, akalitwaa sinia. Kiwanda kizima kilitoka kutazama. Mashine ilizimwa na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Alipanda huku sinia limekaa kifuani na mkono mmoja ukilikaba lile bomba jipya. Kwenye ngazi ya tatu chafya ikaanza kumjia, mabega yakainuka, watu wakashika vichwa.

"Tajiri, taratibu!" Tuam alimwambia. "Ukianguka hapo, tuandike ibada au kazi?"

Chafya ikapita. Alifika, akayapanga yai moja moja, yule yule mtu wa kusukuma soda kwa ufagio. Kisha akainamisha kichwa.

"Babu," alisema, sauti imezibwa na barakoa, "haya si yangu. Ni ya Pikun."

Aliposhuka, shati limelowa jasho, Pikun alikuwa anamngoja chini ya ngazi. Alitoa noti ya baht ishirini, akaikunja vizuri na kumtilia kwenye mfuko wa shati.

"Ya nini hii?" tajiri aliuliza.

"Umenibebea mayai yangu, tajiri," Pikun alisema. "Hiyo ni kazi."

Tajiri Wirot alimtazama, akamtazama mama yake, ambaye hakumsaidia. Kisha akavua barakoa, akaunganisha viganja vyake viwili mbele ya kifua, akamshukuru. Pikun akamjibu kwa mkono na nusu.